Anza na bahasha: jibu kwa msomaji wa Ilomba anayetaka kutengeneza kadi na albamu

Swali: Shikamoo mama. Naishi Ilomba, hapa Mbeya. Mtaani kwetu kuna duka la steshenari ambalo siku hizi limeongeza vitu vya kutengenezea kadi na albamu: karatasi za rangi, riboni, glita, stika, panchi za kutoboa maua. Niliingia na elfu hamsini nikatoka na mfuko umejaa, lakini nyumbani sikuambulia hata kadi moja ya maana. Karatasi ilipasuka kwenye mkunjo, nyingine ikajipinda nilipoipaka gundi, na ile moja iliyopendeza ikagoma kuingia kwenye bahasha. Desemba mwanangu anapata kipaimara na nataka kadi arobaini za mwaliko nizitengeneze kwa mkono wangu. Pia nataka kumwandalia mama yangu albamu ya picha zake za zamani. Nikirudi dukani ninunue nini, na nimuulize nini muuzaji? Au niachane nalo niagize Kariakoo?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kipaimara. Usiliache duka lako. Kwa maelezo yako, ulianza kununua mapambo, karatasi ikafuata, bahasha ikaja mwisho. Safari hii geuza huo mpangilio. Ukiingia, zipite riboni na glita kana kwamba huzioni, uende moja kwa moja kwenye bahasha. Karatasi utaikata upendavyo, riboni utaipunguza, ila bahasha imetoka kiwandani na kipimo chake na haibembelezeki.

Muulize muuzaji ana bahasha za ukubwa gani, na za aina moja anazo ngapi. Swali hilo la pili wengi hulisahau. Unapata bahasha thelathini za rangi ya maziwa, unafurahi, ukirudi wiki ijayo zimekwisha na mzigo mpya umekuja na nyeupe tupu. Wewe unataka arobaini, basi chukua hamsini kwa mkupuo mmoja. Utaharibu chache wakati wa kuandika majina, na siku mbili kabla ya shughuli lazima akumbukwe baba mdogo wa Chunya aliyesahaulika kwenye orodha.

Aina mbili ndizo za kukufaa. Ya kwanza ni C6, yenye milimita 114 kwa 162. Hii huingia kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, ambayo ni karatasi ya A4 iliyokatwa katikati, kisha kila nusu ikakunjwa. A4 moja inakupa kadi mbili na hakuna kinachotupwa. Ya pili ni DL, ile ndefu nyembamba ya barua za ofisi, milimita 110 kwa 220. Humo huingia A4 iliyokunjwa ikawa sehemu tatu. Kwa kadi ya kipaimara yenye maneno machache na pambo moja, ningechukua C6. Toa bahasha moja, nunua, ipime kwa rula palepale kaunta, maana bahasha nyingine zimeandikwa C6 kwenye paketi na zimepungua milimita kadhaa. Kadi ikiwa na riboni au ua la karatasi huongezeka unene, na unene hula nafasi pembeni. Acha angalau milimita nne kila upande.

Hapo nadhani ndipo kadi yako ilipogomea. Kama ulifuata video za Marekani, wenzetu kule hawatumii A4. Karatasi yao ni ya inchi 8.5 kwa 11, na kadi yao ya kawaida ni inchi 4.25 kwa 5.5, sawa na milimita 108 kwa 140. Ukichukua vipimo vyao ukavilazimisha kwenye karatasi na bahasha za hapa, kila kitu kinapishana kidogo kidogo. Kwenye albamu ndiyo balaa zaidi: ukurasa wao ni mraba wa inchi 12, sentimita 30.5. Karatasi yetu ya A3 upande wake mfupi ni sentimita 29.7. Umepungukiwa milimita nane, na hakuna gundi ya kurefusha karatasi. Angalia video kwa ajili ya mawazo, vipimo chukua dukani kwako.

Sasa karatasi. Uzito wake hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Kadi inayosimama yenyewe mezani inataka kuanzia 200 hivi, na ikifika 250 inapendeza zaidi. Tatizo la duka la mtaani ni kwamba paketi imeshafunguliwa, lebo imepotea, na muuzaji atakuambia "hii ni manila nzuri" akiwa na maana kwamba ndiyo iliyobaki. Usibishane naye. A4 kumi na sita zinajaza mita moja ya mraba, kwa hiyo A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kamili. Ya gramu 240 ina gramu 15. Chukua karatasi ishirini, nenda nazo duka la jirani lenye mizani ya kidijitali ya kupimia sukari, omba kwa adabu. Zikisoma gramu 300, una karatasi ya 240 mkononi. Zikisoma gramu 200, ni ya 160, hiyo italegea. Mwenye mizani atacheka, lakini atakupimia.

Unene pekee hautoshi. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi nyingi hulala kuelekea upande mmoja kwa sababu ya jinsi rojo lake linavyotiririka kwenye mashine kiwandani. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unatoka safi. Ukikunja kwa kuzikata nyuzi, rangi ya juu inapasuka na unaona mstari mweupe wenye vinyweleo. Jaribio lake hufanyika hapohapo kaunta: shika karatasi kwa mikono miwili, ikunje nusu bila kuivunja, kama unataka kuikutanisha ncha kwa ncha, uisikilize inavyokusukuma. Igeuze upande wa pili, rudia. Upande mmoja utakubali kirahisi, mwingine utakaza. Ule uliokubali ndio wa mkunjo wako.

A4 nyingi nyuzi zake hufuata upande mrefu. Ukichukua A4 nzima ukaikunja kupata kadi kubwa ya A5, umezikata nyuzi, na karatasi nene lazima ilalamike. Nitashangaa kama sicho ulichofanya. Ukiikata kwanza nusu, halafu ukakunja kila nusu kupata A6, mkunjo unaangukia sambamba na nyuzi. Karatasi ni ileile, bei ileile, na haipasuki. Kama unanunua shiti kubwa la manila na muuzaji anakukatia, mwombe kwanza penseli uchore mshale kuonyesha nyuzi zinakoelekea, maana zikishakuwa vipande vipande utaanza kubahatisha.

Hata hivyo, karatasi nene usiikunje kwa vidole tu. Chukua peni ya bic iliyokwisha wino, weka rula ya chuma pale mkunjo unapotakiwa, pitisha ncha mara mbili kwa kukandamiza kiasi, chini ukiwa umeweka gazeti lililokunjwa. Utaona mfereji mdogo. Sasa kunja, ule mfereji ukiwa upande wa nje wa kadi, kisha lainisha kwa mgongo wa kijiko. Watu hununua vifaa vya bei kwa kazi hii; peni iliyokwisha inatosha kabisa. Rula ya chuma ndiyo usiipuuze. Ya plastiki huliwa na wembe, na baada ya wiki mistari yako yote itakuwa na mawimbi.

Gundi. Umesema karatasi ilijipinda, kwa hiyo nina hakika ulitumia gundi nyeupe ya maji, na uliipaka nyingi. Maji yakiingia kwenye karatasi nyuzi huvimba, zinatanuka kwa upana kuliko kwa urefu, na karatasi inajikunja kuelekea upande mmoja. Gundi hiyo si mbaya; paka nyembamba, kwa kipande cha sponji, kisha weka kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kwa kubandika karatasi juu ya karatasi mimi hupenda selotepu ya pande mbili, kwa sababu haina maji. Ina ubaya mmoja kwa sisi watu wa nyanda za juu: baridi huidhoofisha. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi joto 10, na selotepu iliyobandikwa kwenye chumba cha baridi huachia baada ya siku chache. Fanya kazi mchana, chumba kikiwa na joto, na uikandamize kwa kidole kwa nguvu. Desemba haitakusumbua kwa baridi, itakusumbua kwa unyevu. Mvua zikishaanza gundi ya maji huchelewa kukauka, na karatasi iliyolazwa sakafuni kwenye saruji hunyonya unyevu mpaka inakuwa laini. Weka karatasi zako juu ya kabati, zimelala, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Gundi kali ya matone, ile inayogandisha vidole, iache kwa viatu. Karatasi huinyonya, inaacha doa, na pale penye doa panakuwa pagumu na kuvunjika. Gundi ya unga wa ngano aliyotumia bibi yako kubandika magazeti ukutani inashika vizuri sana, ila inaita ukungu na mende. Kwenye albamu ya mama usiithubutu. Gundi ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa umeme nayo inafaa kwa shanga na maua mazito tu, maana huacha uvimbe unaoonekana upande wa pili.

Maneno ya mwaliko usiyachape moja kwa moja kwenye manila. Printa nyingi za vibanda vya fotokopi hukwama na karatasi nene. Chapisha kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, mialiko miwili kwa kila A4, kata iwe ndogo kuliko kadi kwa milimita mbili tatu kila upande, kunja, kisha ibandike ndani kwa mstari mwembamba wa gundi pembeni mwa mkunjo tu. Ukiipaka gundi nzima unarudi kwenye yale yale ya kujipinda. Jina la mgeni liandike kwa mkono. Kabla ya kununua peni ya jeli ya dhahabu, omba kipande cha karatasi uliyochagua, andika, hesabu mpaka kumi, pitisha kidole. Karatasi zenye kung'aa hazinyonyi wino, na jina la mchungaji likichafuka huwezi kumpelekea.

Kuhusu mapambo sina mengi. Glita humwagika kwenye bahasha na kwenye suti za watu. Kama huwezi kuishi bila yake, nunua karatasi iliyokwisha kupakwa glita kiwandani. Riboni usinunue kwenye duka la steshenari kwa vipande vilivyofungwa kwenye paketi. Nenda Mwanjelwa kwa wauza vitambaa, watakupimia kwa yadi. Kadi arobaini zenye riboni ya sentimita 25 kila moja ni mita kumi, kwa hiyo mita kumi na moja zinatosha. Panchi ya ua moja zuri ni bora kuliko tano za bei rahisi zinazotafuna karatasi. Ijaribu dukani kwenye manila yako, siyo kwenye karatasi ya fotokopi anayokupa muuzaji, maana kwenye hiyo kila panchi inakata. Na kwa fundi cherehani yeyote utapata mabaki ya vitenge karibu bure. Mwombe akubandikie kwa pasi kile kitambaa cha kukazia kola nyuma yake, kitenge kitakatika kwa mkasi bila kuchanika nyuzi. Kipande kimoja cha kitenge upande wa mbele wa kadi nyeupe, na riboni hata huihitaji.

Nije kwenye albamu, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Kadi itaishi mwezi mmoja juu ya kabati la mtu. Picha za mama yako unataka wajukuu wazione. Adui wa picha ni asidi iliyomo kwenye karatasi duni. Gazeti hugeuka njano kwa sababu ndani yake kuna mabaki ya miti ambayo hayakuondolewa, na mabaki hayo huzaa asidi, nayo huhamia kwenye chochote kinachogusana nayo. Muulize muuzaji kama ana karatasi iliyoandikwa kwamba haina asidi. Hata akikuambia hana, rimu nyingi za karatasi nzuri ya fotokopi huandikwa hivyo pembeni. Soma ganda la rimu. Karatasi hiyo unaweza kuiweka katikati ya picha na manila ya rangi kama kitambaa cha ndani cha koti.

Albamu zile za kununua, zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunua juu, usizichukue hata zikishuka bei. Gundi yake hushika picha moja kwa moja, baada ya miaka huwezi kuitoa bila kuichana. Plastiki laini yenye harufu kali nayo iepuke. Wala usipake gundi nyuma ya picha. Tumia pembe za karatasi: chukua bahasha nyeupe mpya, kata zile kona mbili za chini kwa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, utapata vifuko viwili vya pembetatu. Vinne vinashika picha moja. Vifuko ndivyo vinavyopakwa gundi, picha inakaa huru na siku yoyote inatoka. Bahasha zako za ziada zina kazi hapa.

Zaidi ya hapo, picha yenyewe ya asili pengine isiingie kabisa. Peleka studio wapige nakala na kuzichapa kwenye karatasi ya picha, siyo kwa printa ndogo ya ofisini ambayo tone la maji tu husambaza wino wake. Nakala ziende kwenye albamu, za asili zikae kwenye bahasha nyeupe mahali pakavu. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Peni huchora mpaka upande wa mbele. Kaa na mama kabla hujabandika chochote, umwache aseme mwenyewe yule kijana mwenye suruali pana aliyesimama naye pale Sokomatola ni nani. Yawezekana akakataa kukuambia, na hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Kurasa ziwe A4 za manila nene, mtindo wa kulala. Kibanda cha fotokopi watakufungia kwa spairo. Waambie waweke kati ya kila kurasa mbili kipande chembamba cha manila ileile, sentimita mbili kwa upana, upande wa spairo tu. Picha na mapambo huongeza unene katikati, na bila vipande hivyo albamu hubaki imefunua mdomo haifungi. Lete vipande umeshavikata mwenyewe, wao hawatakuwa na muda huo.

Kwa jalada, tumia vya kwetu. Karatasi ya kaki ya kufungia madaftari ni ngumu na inapendeza. Huku kusini kiwanda cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza karatasi za aina hiyo kwa miti ya nyanda hizi, na nguvu yake hutoka kwenye nyuzi ndefu za paini. Ila kwa kuwa haijasafishwa ikawa nyeupe, iishie nje, isiguse picha. Ukipata mtu anayetoka Iringa, mwagize karatasi za Neema Crafts, kile kituo cha watu wenye ulemavu kilichoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Wanatengeneza karatasi kwa mikono, ikiwemo ile ya kinyesi cha tembo ambayo wageni huitafuta sana. Haina harufu, usiogope. Ina vinyuzi vinavyoonekana na uso wenye mikwaruzo, kwa hiyo ibandike juu ya ubao mgumu kama jalada na usiitegemee kukunjika. Jina la mama liandike kwenye karatasi laini pembeni kisha ulibandike, maana karatasi ya mkono mara nyingi husambaza wino.

Na Kariakoo? Agiza ukishajua unachotaka, kwa kipimo na kwa uzito, kitu ambacho duka lako halina kweli: bahasha hamsini za rangi maalumu, au panchi moja nzuri. Kununua manila kwa kutazama picha ya simu ni kubahatisha; rangi hubadilika kwenye kioo na unene hauonekani. Kama lazima, omba mtu akutumie karatasi moja moja za sampuli kwa basi, uzikunje mwenyewe ndipo ulipe. Muuzaji wako wa Ilomba anaweza kukufanyia jambo ambalo wa Kariakoo hawezi: kukuuzia karatasi mbili tu za kujaribia, kukutunzia mzigo wa rangi moja mpaka umalizie, na kurudishiwa panchi iliyogoma. Mwambie mapema unahitaji A4 ishirini na tano za manila ileile kwa kadi zako, akuwekee pembeni.

Nunua kwanza bahasha moja na manila mbili, utengeneze kadi nne, uziache mezani wiki nzima. Isiyojipinda wala kuachia gundi ndiyo uiendeleze. Hilo likamilike kabla Oktoba haijaisha, kwa sababu Novemba mvua zinaanza, na kwenye vibanda vya fotokopi utakuta foleni ya watu wa mahafali na kadi za michango.